Mikono Inayofika Shule Imechelewa

Mwalimu anayepokea watoto wasioona darasa la kwanza hana haja ya kuuliza mengi. Akimshika mtoto mikono, nusu ya habari zake ameshazijua. Kuna mikono inayokuja imekomaa, ina udadisi, inapapasa meza, kifungo cha shati na mkoba wa jirani kabla mwenye nayo hajakaa sawasawa. Na kuna mikono laini kama ya kichanga, inayolegea ukiishika na kurudi mabegani ukiiachia. Watoto wenyewe wanaweza kuwa wa umri mmoja, wote hawaoni tangu kuzaliwa, na daktari akiwapima macho atawaandikia jambo lilelile. Lakini mwalimu anajua kwamba huyu wa mikono laini atahitaji miezi mingi ya kujifunza kugusa kabla hajaweza kutofautisha nukta mbili na tatu kwenye karatasi.

Hapa Dar es Salaam tofauti hiyo huelezwa kwa maneno mepesi: huyu mwerevu, yule mzito. Utafiti kuhusu ukuaji wa watu wasioona hauungi mkono maelezo hayo. Berthold Lowenfeld, mmoja wa waasisi wa elimu yao nchini Marekani, alisema kutoona kunambana mtu katika mambo matatu: wingi na aina ya vitu anavyokutana navyo, uwezo wa kwenda huku na huko, na uwezo wa kuyatawala mazingira na nafasi yake ndani ya mazingira hayo. Akili haimo katika orodha hiyo. Yote matatu yanaweza kuzibwa kwa kiasi kikubwa, ila kila moja lina wakati wake, na wakati wenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Sisi tunaanza kumhudumia mtoto asiyeona akifika shule, akiwa na miaka sita au saba. Kwa ushahidi uliopo, pengo huanza kufunguka kabla hajatimiza hata mwaka mmoja.

Kazi iliyoonyesha hivyo kwa uwazi zaidi ni ya Selma Fraiberg, aliyechapisha mwaka 1977 matokeo ya kuwafuatilia kwa karibu watoto kumi waliozaliwa bila kuona. Watoto wale walikaa, na walisimama wakishikiliwa, katika umri usiopishana sana na wa wenzao wanaoona. Misuli ilikuwa tayari. Kilichochelewa ni kujiondokea: kutambaa, kujiinua, kutembea peke yao. Fraiberg alijiuliza kwa nini mtoto mwenye nguvu za kutambaa abaki pale alipowekwa, na jibu lake lilikuwa rahisi: hakuna kinachomwita. Kwa mtoto anayeona, jicho ndilo mchokozi. Anakiona kijiko, ananyoosha mkono, anakikosa, anasogea, na kusogea huko ndiko kutambaa. Mtoto asiyeona anasikia mlio, lakini mlio kwake bado si kitu. Ni jambo linalotokea hewani na kuisha. Hadi karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza ndipo anapotambua kwamba kule sauti inakotoka kuna kitu kinachoshikika. Akishatambua hivyo ananyoosha mkono kuifuata sauti, na baada ya mkono mwili nao hufuata.

Mtoto anaweza kusaidiwa kufika kwenye utambuzi huo, na anaweza pia kuachwa aukose kwa miaka. Mikono ya mtoto asiyeona haikutani yenyewe mbele ya kifua kama ya mtoto anayejitazama vidole. Hukaa usawa wa mabega, imekunjwa ngumi, haina kazi. Basi ikutanishwe. Wakati wa kunyonya, viganja vyote viwili viwekwe kwenye titi au chupa. Wakati wa kuimbiwa, apigishwe makofi. Kinachotoa mlio, kwa mfano manyanga au kopo lenye mfuniko uliokazwa vizuri lenye choroko ndani, kimguse kwanza kiganjani, akishike, akitikise, kisha kiondolewe taratibu hadi umbali wa kiganja kimoja huku kikiendelea kulia. Asinyanyuliwe mkono apelekewe. Asubiriwe. Kusubiri huko kunaweza kufika nusu dakika, na nusu dakika ya kumtazama mtoto akihangaika ni ndefu sana kwa bibi mwenye huruma.

Kuna jingine linalowachanganya wazazi. Mtoto anayeona akimsikia mama anageuka, anatabasamu, anarusha miguu. Mtoto asiyeona mara nyingi hunyamaza na kutulia tuli, kwa sababu anasikiliza, na uso uliotulia unafanana sana na uso usiojali. Mama anadhani mtoto hamtambui, au ana tatizo la akili, na polepole anapunguza kumsemesha. Fraiberg aliwafundisha akina mama waache kusoma uso, wasome vidole. Vidole vinavyofunguka na kujikunja mama anapoongea ndilo tabasamu lenyewe.

Tafiti hizi zilifanyika kwenye nyumba za Marekani, mtoto akilazwa kitandani peke yake, kwa hiyo si busara kuzileta Mbagala au Tandika kama zilivyo. Mtoto wetu yuko mgongoni. Mbeleko inampa mengi ambayo mtoto wa kule hayapati: anasikia sauti ya mama ikipita kwenye mifupa, anahisi mama akiinama, akisimama, akigeuka, na anajua mwili wa binadamu unavyokwenda. Naona ni faida kubwa, na nashangaa haitajwi zaidi. Lakini mgongoni mikono imebanwa na safari ni ya mama. Akishaweza kukaa, ashushwe mkekani kila siku, mkeka uleule, pahala palepale, ukingo mmoja ukiwa umegusa ukuta. Vitu vitatu au vinne vifungwe kwa kamba fupi kwenye ukingo, kila kimoja upande wake, na visihamishwe. Akikosa leo kesho atakipata, na kwa njia hiyo atajifunza kwamba kitu hakipotei kwa sababu tu hakiguswi. Alazwe kifudifudi pia, dakika chache kwa awamu nyingi. Wengi hulia, maana mwenzao anayeona hunyanyua kichwa ili atazame na wao hawana cha kutazama. Shingo na mgongo hubaki dhaifu, na udhaifu huo ndio unaoonekana baadaye kwa mtoto wa miaka minane anayetembea kichwa kimeinama na miguu imetanuliwa. Alale juu ya kifua cha mtu anayeongea naye, kichwa kitanyanyuka.

Redio inayowashwa asubuhi hadi usiku ni adui mdogo asiyeshtukiwa. Hufuta milio midogo ambayo kwake ndiyo dira: mlango, ndoo, hatua za dada. Kuyumbayumba na kubonyeza macho kwa vidole, ambako majirani hukuita wazimu, ni kawaida kwa watoto wengi wasioona, hasa walioachwa wakae bila shughuli. Kumpiga kibao hakusaidii. Mpe vidole kazi nyingine.

Lazima niseme pia kwamba watoto kumi ni wachache, na kila mtafiti wa fani hii anapambana na uhaba huohuo. Wasioona ni wachache, hawafanani, na wengi wana ulemavu mwingine juu yake. Sehemu kubwa ya utafiti wa kale wa Marekani ulihusu kizazi cha watoto njiti waliopofuka kwa maelfu katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, kabla haijajulikana kwamba oksijeni nyingi kupita kiasi ndiyo iliyokuwa inaharibu mishipa ya retina zao changa. (Hilo linatuhusu sasa kuliko zamani. Kadiri njiti wengi zaidi wanavyookolewa katika wodi zetu, ndivyo macho yao yanavyohitaji kuchunguzwa mapema, karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa.) Kwa hiyo wastani wa umri unaoandikwa vitabuni usichukuliwe kama kipimo cha kumhukumu mtoto mmoja. Kinachoaminika zaidi ni mfuatano: sauti iwe kitu, mkono ufuate, mwili ufuate mkono.

Lugha nayo ina mtego wake, na kwa Kiswahili mtego huo unaonekana wazi kabisa. Watoto wasioona mara nyingi huchelewa kushika nani ni "mimi" na nani ni "wewe". Mama anauliza, "Unataka maji?" Mtoto mwenye kiu anajibu, "Unataka maji." Amekariri sentensi nzima kama jina la kupewa maji, kiambishi u- kikiwamo. Mwenzake anayeona hutazama nani ananyooshea nani kikombe, na kwa hilo hupata ufunguo. Dawa ni kumpa zamu: kikombe kiwe mkononi mwake, amnyweshe mdogo wake, aulize yeye. Kumsahihisha kila mara kwa neno tu humfanya anyamaze.

Hata hivyo wapo wanaozidisha, wakidhani maneno ya kuona hayamhusu asiyeona na ni ukatili kuyatumia. Barbara Landau na Lila Gleitman waliandika mwaka 1985 juu ya mtoto wa kike asiyeona ambaye, akiambiwa atazame juu, alinyanyua mikono. Mtoto anayeona aliyefungwa kitambaa, akiambiwa hivyohivyo, hunyanyua uso. Kwa msichana yule kutazama kulikuwa kuchunguza kwa viganja, na maana hiyo aliijenga mwenyewe bila kufundishwa. Kwetu neno "kuona" limepanuka hata zaidi: mtu "anaona bora aondoke", marafiki "wanaonana kesho". Anayemwambia asiyeona "tutaonana" hajamkosea.

Hatari iko kwingine. Thomas Cutsforth, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe hakuwa anaona, alionya katika miaka ya 1930 kuhusu watoto wanaomiliki maneno bila vitu. Mtoto anaweza kukwambia twiga ana shingo ndefu, na ukimpa udongo wa mfinyanzi akaitia shingo ile mgongoni. Tusicheke. Mtoto wa Dar ambaye amekula wali wa nazi maisha yake yote anaweza kudhani tui hutoka kwenye pakiti. Nazi ni somo la asubuhi nzima: aipapase ikiwa na kumbi lake, alitikise asikie maji, aguse kifuu baada ya kufuliwa, asikie ikivunjwa, akae kwenye mbuzi na kukuna mwenyewe (meno ya mbuzi aonyeshwe kwanza, kutoka nyuma kuelekea mbele), akamue, achuje, ashike machicha. Soko la samaki la Feri ni maktaba ya vidole. Changu ana magamba, ngisi hana, pweza ana vikombe vinavyonata, na kamba ana ndevu. Harufu haiui. Safari moja ya Feri humpa vitu kumi vya kufikiria siku atakaposoma neno "samaki".

Kabla ya kwenda kwenye kusoma, swali la kitabibu linalopuuzwa: nani hasa haoni? Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kipofu ni yule ambaye jicho lake bora halifiki 3/60, yaani hatambui kwa mita 3 kile ambacho macho mazima hukitambua kwa mita 60. Kati ya hapo na 6/18 ni uoni hafifu. Watoto wenye ualbino wengi wako katika kundi hili la pili, na wapo waliowekwa katika madarasa ya wasioona, mara nyingine kwa sababu za usalama wao, ambazo nchini mwetu hazihitaji kuelezwa. Wakifika huko hufundishwa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Matokeo yake ni jambo linaloumiza shingo na macho kwa pamoja: mtoto anainamia karatasi na kusoma vivuli vya nukta kwa macho. Hapati faida ya vidole wala ya macho. Mtoto huyu anahitaji kupimwa miwani, maandishi makubwa yenye wino mweusi mzito, kikuzio, dawati la mbele lisilotazamana na dirisha, ruhusa ya kusogelea ubao hata kama anawaziba wenzake, na kofia. Nukta nundu afundishwe iwapo ugonjwa wa jicho lake utazidi kula uoni. Ualbino wenyewe kwa kawaida hauendi hivyo.

Sasa nukta nundu. Louis Braille alikuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1824 alipoufikisha mfumo wake karibu na hali tuijuayo, akauchapisha mwaka 1829. Ni nafasi sita, safu mbili za tatu tatu, zinazotoa maumbo 63. Nukta ina kimo cha karibu nusu milimita, na kati ya nukta na nukta ni kama milimita 2.5, kwa hiyo herufi nzima inaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kifaransa chake hakikuwa na haja kubwa ya w, hakuiweka. Iliongezwa baadaye, ndiyo maana umbo lake linakwenda kinyume na mpangilio wa jirani zake. Kiswahili chetu, chenye "watoto wao walikwenda", kinaikanyaga w hiyo kila hatua.

Makosa ya wanaoanza hayatokei ovyo. Herufi d, f, h na j zote ni pembe nne zilizopungukiwa nukta moja, na zinatofautiana kwa pembe ipi imekosekana. Mwandikie mtoto dua, fua, hua na jua kwa kufuatana, utajua katika dakika moja kama anasoma au anabahatisha. Herufi e na i ni kioo cha mwenzake, ndipo "lea" inapokuwa "lia" na "pita" ikawa "peta". Mtoto anayechanganya hizi si mzito. Hajajua juu, chini, kushoto na kulia kwa mwili wake, jambo lililopaswa kufanyika mkekani miaka minne iliyopita. Ndiyo maana mwalimu mzuri hurudi nyuma: trei ya mayai iliyokatwa ibaki mashimo sita, na mipira au mawe ya kuingiza, mpaka "nukta ya nne" iwe mahali na si nambari tu.

Kosa la pili ni kusugua. Mtoto anapanda na kushuka juu ya kila herufi, anabonyeza kwa nguvu, na kidole kinakufa ganzi. Kidole husoma kikitambaa kwa wepesi kwenda mbele. Mikono yote miwili ifanye kazi, wa kushoto ukianza mstari na wa kulia ukiumalizia wakati wa kushoto umeshashuka kutafuta unaofuata. Kuchambua mchele, kutunga shanga na kusuka ukili vinamwandaa mtoto kuliko mazoezi mengi ya gharama.

Kuandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea kunaanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, kwa kuwa husomwa upande wa pili wa karatasi. Ni vyema mtoto aanze na mashine ya Perkins, ambayo nukta hutokea juu na anaisoma papo hapo, kisha kibao kifuate, maana mashine haiingii mfukoni na bei yake si ya mchezo. Kwa hewa yetu ya chumvi, mashine isiyofunikwa hupata kutu na vibonye hunasa. Vitabu navyo vina uadui na Dar: unyevu hulegeza karatasi, na vikirundikwa kwa kulazwa, vya juu vinazifuta nukta za vya chini. Visimamishwe wima, visibanwe.

Na ni vinene. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una mistari 25 ya nafasi 40, yaani nafasi 1,000. Ukurasa wa kitabu cha kiada wenye herufi 2,000 pamoja na mapengo hula kurasa mbili, kabla ya kuhesabu alama za herufi kubwa na za tarakimu. Kitabu cha kurasa 150 kinakuwa kurasa zaidi ya 300, juzuu tatu au nne. Ndiyo sababu wengi siku hizi husema simu inatosha: itasoma, mtoto asikilize.

Sikubaliani, ingawa hoja ya kawaida ya kuipinga, ile ya tahajia, haitoshi kwetu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo msikilizaji hapotei sana, ukiacha r na l na kujua wapi pa kutenganisha maneno. Lakini sekondari zetu ni za Kiingereza. Mwanafunzi aliyepita shule ya msingi kwa masikio anakutana kidato cha kwanza na lugha ambayo kuisikia hakukuambii inavyoandikwa, na kwa wakati huohuo anapewa nukta nundu za mkato za Kiingereza, ambazo alama moja husimama badala ya herufi kadhaa. Hapo anaangushwa na vitu viwili kwa mpigo. Upande wa ubongo, Norihiro Sadato na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba kwa wasomaji wa nukta nundu waliopofuka mapema, sehemu ya ubongo inayohusika na kuona huamka vidole vinaposoma. Mwaka uliofuata Leonardo Cohen na wenzake waliivuruga sehemu hiyo kwa mapigo ya sumaku na usomaji ukaharibika. Hiyo ni kusema kwamba nafasi ile haikulala, iliajiriwa upya, na ajira hiyo hupatikana kwa wepesi zaidi utotoni.

Kasi pia ina hesabu yake. Msomaji mzoefu wa nukta nundu husoma Kiingereza kwa maneno kama 90 hadi 120 kwa dakika, nusu au pungufu ya anayesoma kwa macho. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa tatu usio wa hisabati unapata nusu saa zaidi, yaani sehemu moja ya sita. Kwa anayeandika kwa Perkins hilo laweza kutosha wakati wa kujibu, lakini haliwezi kutosha kwenye swali la ufahamu lenye kifungu kirefu, kwa sababu huko muda unaotumika ni mara mbili. Ingekuwa haki zaidi nyongeza ipimwe kwa wingi wa kusoma uliomo kwenye karatasi, badala ya kiwango kimoja kwa masomo yote yasiyo hisabati. Hisabati yenyewe isikimbiwe. Abakasi iliyorekebishwa na Tim Cranmer, yenye kitambaa nyuma ya shanga ili zisiteleze zikiguswa, hufanya hesabu zote nne, na anayesamehewa hisabati leo amefungiwa uhasibu, sayansi na kompyuta kwa saini moja.

Kuhusu kutembea, kwanza iondolewe hadithi ya karama. Watu wengi huamini Mungu amewapa wasioona hisia ya sita usoni. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Michael Supa, Milton Cotzin na Karl Dallenbach walilipima jambo hilo na kuchapisha mwaka 1944. Washiriki, wasioona na wanaoona waliofungwa macho, walitembea kuelekea kizuizi. Walipozibwa masikio walikigonga. Masikio yakiwa wazi walikihisi kabla ya kukifikia, na wale wanaoona nao walijifunza baada ya mazoezi. Kilichodhaniwa ni ngozi ya uso kilikuwa mwangwi, na mwangwi hufundishika. Lakini huhitaji ukimya kiasi. Masika ikigonga mabati, au spika ya duka ikifunguliwa hadi mwisho pale Kariakoo, mtu aliyekuwa anatembea vizuri anabaki bila ukuta.

Fimbo nyeupe ikisimamishwa ifike kwenye chembe cha moyo. Mtoto anayerithi fimbo ya mtu mzima huishika katikati na kuikosesha kazi. Mkono uwe mbele ya kitovu, ncha ipige upinde unaozidi mabega kwa vidole vitatu kila upande, na iguse kulia wakati mguu wa kushoto unapokwenda mbele, kwa maana kulia ndiko mguu unaofuata utakakokanyaga. Kwenye mchanga na vigae vilivyovunjika ncha nyembamba hukwama na mpini humchoma mtu tumboni. Ncha ya duara inayobingirika inafaa zaidi. Fimbo hukamata kinachoanzia chini: mtaro usio na mfuniko, jiwe, pikipiki iliyoegeshwa. Haikamati kinachoning'inia, na mitaa yetu imejaa vya kuning'inia, kuanzia kioo cha lori hadi mwamvuli wa machinga. Hapo mkono wa pili uinuliwe mbele ya uso. Asubuhi jua hutoka upande wa bahari, na jioni humpiga anayekwenda Kimara usoni, dira nzuri, ila saa sita mchana liko utosini na halielekezi mtu popote. Konda anayepiga kelele "Posta, Posta!" anafanya kazi ya tangazo ambalo hakuna aliyelipanga. Akimvuta abiria kwa mkono na kumsukumia ndani, amelifuta jema hilo. Asiyeona ndiye hushika mkono wa mwongozaji, juu kidogo ya kiwiko, akawa nyuma kwa nusu hatua, ili bega la mbele limwambie kuna ngazi.

Wanaopofuka ukubwani, kwa shinikizo la jicho, kisukari au ajali, wana habari nyingine, ingawa nao wanangoja mno. Padri Thomas Carroll, aliyefanya kazi na askari waliopofuka vitani, aliorodhesha mwaka 1961 hasara 20 ambazo mtu huzipata kwa mpigo, na uoni wenyewe ni sehemu ndogo tu ya orodha: kuna kazi, faragha, uwezo wa kuandika, hata kutotambulikana katika umati. Robert Scott, mwanasosholojia, alikwenda mbali zaidi mwaka 1969 akidai kwamba unyonge mwingi tunaouita wa upofu hufundishwa, na wanaofundisha ni wasaidizi. Nyumba ambayo baba hapewi tena hata kisu cha kumenyea chungwa ni darasa la aina hiyo.

Ukianza naye, usianze na nukta nundu. Anza na fedha na simu, kwa kuwa huko ndiko heshima ya mtu mzima ilikokaa. Noti zikunjwe kila moja kwa mtindo wake: ya 1,000 isikunjwe, ya 2,000 ikunjwe katikati kwa upana, ya 5,000 kwa urefu, ya 10,000 mara mbili. Zipangwe zikiwa nyumbani na mtu wa kuaminika, na chenji ipokewe noti moja moja ikitajwa. Simu iwe ya skrini yenye programu ya kusoma, na kasi ya sauti ianze chini kisha ipandishwe kila wiki. Menyu za pesa za nyota na reli zinamsumbua kwa sababu hukatika kabla sauti haijamaliza kusoma machaguo. Programu ya mtandao wenyewe haimkimbizi hivyo, na inampa nafasi ya kuandika namba ya siri peke yake, bila kumtajia kijana wa kibanda.

Mtu mzima huyu na mama mwenye kichanga mara nyingi huambiwa habari yao kwenye benchi la aina moja, mbele ya mlango wa kliniki ya macho. Kinachokosekana hapo ni karatasi ya ukurasa mmoja na jina la mwalimu wa kumtafuta wiki hiyohiyo, sio wakati mtoto atakapotimiza umri wa shule. Mama wa mtoto wa miezi minne akipewa tu tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, atarudi mtoto akiwa na miezi kumi, mikono iko mabegani.